Mkeka umekunjwa, kichwa bado kimejaa: mwongozo wa kuyatoa mazoezi darasani

"Mwalimu, nikiwa hapa niko sawa. Nikishuka ngazi tu, kichwa kinarudi palepale."

Swali hili naulizwa kila mwanafunzi mpya anapofikisha wiki ya tatu au ya nne. Wiki ya kwanza huuliza habari za magoti. Ya pili huuliza mbona njaa imezidi. Hamu ya ugeni ikishaisha ndipo linapokuja hili, na aghalabu huja kwa sauti ya chini, mtu ameshavaa buibui na wenzake wametangulia. Nimelijibu mkekani, nimelijibu kwa ujumbe wa sauti usiku wa manane, nimelijibu katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nikiwa na mtungo wa samaki mkononi. Sasa naliandika mara moja, kesho nikiulizwa nitume hiki.

Naongoza darasa la wanawake hapa Lamu, mtaa wa Langoni, darini kwa jamaa yangu, kuanzia baada ya sala ya alfajiri mpaka jua linapoanza kuchoma. Si daktari wala mshauri nasaha. Ninachokijua ni kile ninachokiona: mwanamke anamaliza raundi 4 za kuchuchumaa na kusimama, jasho linamtiririka, anacheka, siku hiyohiyo saa sita mchana deni moja na mtoto mwenye homa vinamwangusha. Ufundi wa kumaliza raundi na ufundi wa kumaliza siku kama hiyo ni mmoja. Hajaambiwa tu.

Jasho peke yake linasaidia, silidharau. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na moja ya faida linazozitaja ni kupungua kwa dalili za wasiwasi na huzuni. Madarasa 3 ya dakika 50 yanakufikisha kwenye 150. Lakini ule wepesi wa baada ya jasho kwa wengi wetu hukatika kabla ya adhuhuri. Kinachobaki mkononi ni mpangilio wa darasa: kupasha mwili, kupumua, kugawa kazi kwa raundi, kupunguza bila kuacha, kupoa. Huo ndio tunaoushusha ngazi.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Uwe umehudhuria darasa lolote kwa wiki 3 hivi. Si lazima liwe langu. Hata kundi la kutembea pwani linatosha. Sababu ni kwamba mwili wako uwe umeshaonja kuchoka na kupata nafuu. Ukisoma mwongozo huu bila kuonja, utabaki maneno.

Daftari dogo na biro. Simu pia inaandika, najua, lakini ukiifungua kuandika sentensi moja utatoka umeshatazama harusi ya watu usiowajua.

Kitu cha kuhesabu dakika.

Mahali pa kukaa dakika 5 bila kuitwa. Daka la nyumba (kibaraza cha mlangoni), ukumbi, kiwanda (ua wa ndani) wakati watoto wako chuoni (madrasa). Wengine wanasema mahali pekee ni chooni. Basi chooni.

Mtu mmoja. Nitamweleza kwenye hatua ya 8.

Raba za bei, saa ya kuhesabu hatua na mkeka wa kununuliwa hazihitajiki. Wengi wetu tunatandika mkeka wa ukindu na leso juu yake.

Ukiwa na maradhi ya moyo, presha isiyotulia, au ni mjamzito, muone daktari kabla ya kuanza darasa lenyewe. Na kama unatumia dawa za akili au za usingizi, usiziache kwa sababu umeanza mazoezi. Nimeliona hilo likifanywa, na halikwenda vizuri.

Hatua ya 1: Andika darasa lako, hasa pale ulipotaka kuacha

Siku ya darasa, ukifika nyumbani kabla ya kuoga, andika mistari mitatu. Ulikuwaje ulipofika. Ni wapi ulitaka kuacha. Ulifanya nini badala ya kuacha.

Mstari wa tatu ndio dhahabu. Usiandike "nilijikaza." Kujikaza si maelezo. Andika ulichofanya kweli: nilimtazama aliye mbele yangu nikafuata miguu yake, nilihesabu kurudi nyuma kutoka 10, niliteremsha magoti chini, nilimtukana mwalimu kimoyomoyo. (Hili la mwisho nimelisoma kwenye daftari la mtu, na linafaa kama mengine.) Fanya hivyo madarasa 4 au 5. Utaona mbinu zako ni mbili tatu tu, zinajirudia. Hizo ni zako, ziandike ukurasa wa mwisho wa daftari.

Hatua ya 2: Pasha siku kabla ya kuianza

Hakuna anayefika darini akaanza kuruka kamba papo hapo. Tunazungusha mabega, tunatembea mahali pamoja, dakika 5 hadi 10, misuli ipate moto. Lakini asubuhi mtu anafumbua macho na kushika simu, na ujumbe wa kwanza ni wa anayemdai. Huko ni kuruka kamba na misuli baridi.

Weka dakika 5 kati ya kuamka na simu. Kunywa maji. Zungusha mabega mara 10, inuka kwa vidole vya miguu mara 10, geuza shingo polepole kulia na kushoto. Kisha sema kwa sauti kazi moja tu ya leo, ile ya kwanza. Anayesali alfajiri ameshapata nusu ya hatua hii. Asiirudishe kwa kushika simu angali juu ya msala.

Hatua ya 3: Jifunze kutoa pumzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea, na wanaokosea zaidi ni wale wanaodhani wanajua.

Mtu akishikwa na wasiwasi anaambiwa, "Vuta pumzi!" Anavuta. Anavuta tena. Kifua kinajaa mpaka mabega yanagusa masikio, na bado anahisi hewa haitoshi. Haitoshi kwa sababu ile ya kwanza hajaitoa. Tazama mtungi uliojaa: unamimina maji juu yake na unashangaa yanamwagika.

Kaa. Bibi yangu alikuwa hamsikilizi mtu aliyeingia na habari mbaya mpaka amwambie, "Keti tini kwanda," na mimi sina mwanzo mzuri kuliko huo. Ukishakaa, weka mkono mmoja juu ya kitovu na mwingine kifuani. Pumua kama kawaida mara 3, tazama ni mkono upi unaopanda. Ukiwa ni wa kifuani peke yake, umebana. Legeza tumbo. Najua tumefundishwa kulificha, ila hapa liachie.

Sasa vuta kwa pua ukihesabu 4. Toa kwa midomo iliyofinywa kidogo, kama unapoza kahawa chungu kwenye kikombe cha kigae, ukihesabu 6. Usiisukume hewa, iache itoke. Rudia mara 10. Ni sekunde 100, hazifiki dakika mbili.

Mbona kutoa kuwe kurefu? Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono utausikia mwenyewe: ukivuta, moyo unaenda mbio kidogo; ukitoa, unapunguza mwendo. Ukirefusha kutoa, unaurefusha ule wakati wa kupunguza. Nadharia ya pumzi ninayoifundisha inaishia hapo.

Tahadhari. Usipumue haraka na kwa kina kwa wakati mmoja. Vidole vitakufa ganzi, midomo itawashawasha, kichwa kitazunguka, na utadhani unakufa kumbe umetoa hewa chafu nyingi kupita kiasi. Ikitokea, acha kuhesabu, funga mdomo, pumua kidogokidogo kwa pua, itapita. Na kosa la pili ni la darasani lakini watu hulibeba hadi nyumbani: kuzuia pumzi wakati wa kunyanyua kitu kizito. Mtungi wa gesi, ndoo ya maji, mtoto aliyelala. Kuzuia pumzi kunapandisha presha. Toa pumzi unaponyanyua.

Zoea hatua hii ukiwa umetulia, siku 7 mfululizo, kabla ya kuitumia siku ya dhiki. Hakuna anayejifunza kuogelea siku jahazi limepinduka.

Hatua ya 4: Pima uzito kwa sentensi moja

Darasani nina kipimo kisichohitaji mashine. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, kazi ni ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, kazi ni nzito, punguza.

Kipimo hichohicho kitumie kabla ya kujibu. Umetumiwa ujumbe na wifi yako, au na mweka hazina wa chama anayesema jina lako halimo kwenye orodha ya waliolipa. Kabla ya kugusa simu, sema sentensi moja nzima kwa sauti ya kawaida: "Nimeusoma ujumbe wako na nitakujibu baada ya magharibi." Ikitoka laini, jibu. Ikikatika katikati au ikipanda juu kama ya muuza samaki, hujawa tayari. Rudi hatua ya 3, au fua kitu.

Hatua ya 5: Gawa kwa raundi, na mapumziko yawe ya kweli

Nina hadithi yangu hapa, na si ya kujivunia.

Baba alipofariki, kulikuja bahasha ya kahawia kuhusu karatasi za mirathi. Niliiweka kwenye kidaka cha juu, pale ukutani palipo na bakuli la kale la mama, nikasema nitaisoma Ijumaa. Ilikaa miezi mitatu. Kila nikipita naiona, na kila nikiiona tumbo linajikunja. Huku kila asubuhi niko darini nawaambia watu, "Usitazame raundi 4, tazama hii moja!"

Siku moja nikaishusha na kuamua kuimaliza yote kwa mkupuo. Saa mbili bila kunyanyuka. Mwisho wake nikampigia kaka yangu aliye Mombasa nikamfokea kwa kosa ambalo hata halikuwa lake. Karatasi zikarudi kidakani.

Mara ya pili nilifanya kama mwalimu. Dakika 10 kazi, 5 mapumziko, saa inapiga kelele. Raundi ya kwanza: kuishusha, kufuta vumbi, kuifungua, basi. Nikapumzika. Raundi ya pili: kusoma na kupiga mstari chini ya tarehe zote. Nikapumzika. Raundi ya tatu: kuandika orodha ya karatasi zinazotakiwa. Zilikuwa tatu. Mbili nilikuwa nazo sandukuni tangu zamani. Miezi mitatu nimelala na tumbo lililojikunja kwa ajili ya karatasi moja.

Kwa hiyo: chukua kitu kimoja unachokikwepa. Kigawe kwa raundi za dakika 10. Raundi 3 kwa siku zinatosha, 4 ukiwa na nguvu. Raundi ya kwanza iwe nyepesi mpaka uone haya kuiita kazi.

Mapumziko yana masharti. Simama, toka chumba kile, kunywa maji, tazama mbali. Kushika simu si kupumzika; umebadilisha tu mzigo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Na usiyaruke kwa sababu kazi inakwenda vizuri. Raundi ya nne huwa inaharibika kwa sababu ya mapumziko yaliyorukwa baada ya ya pili, darini na mezani vilevile.

Hatua ya 6: Punguza, usiache

Anayeshindwa kupiga pushapu chini huweka magoti. Akishindwa na magoti, anasimama na kusukuma ukuta. Hakuna anayemcheka, na wiki ya sita unamkuta chini. Nje ya darasa tumejiwekea sheria nyingine: ama nikae msibani mpaka usiku ama nisiende kabisa, ama nifanye usafi wa nyumba nzima ama niache ilivyo.

Andika daftarini toleo la ukutani la kila wajibu mzito ulionao. Msiba: dakika 20, mkono wa pole, unaondoka. Kupika: wali na mchuzi wa jana. Kumtembelea mama mkwe: mpelekee mahamri mlangoni, usikae. Siku mbaya fanya toleo la ukutani. Ukitoka kitandani umefanya kitu, kesho huanzi sifuri.

Hatua ya 7: Poa

Dakika 7 za mwisho za darasa ndizo zinazochukiwa. Watu wanatazama ngazi. Mmoja anakumbuka chai iko jikoni, mwingine mtoto wa shule. Mwaka mmoja shoga yangu alisikia birika likipiga mluzi chini, akakimbia kutoka kwenye raundi ya mwisho moja kwa moja hadi kwenye ngazi. Ngazi za nyumba zetu mnazijua: nyembamba, zimesimama wima, zina giza. Tulimkuta amekaa kidato cha tatu, ameshika ukuta, uso umempauka. Miguu ikiwa kazini misuli yake inasaidia kuisukuma damu irudi juu. Ukiacha mazoezi ghafla damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Bahati yake aliketi.

Siku nazo tunazimaliza hivyohivyo. Unafunga duka saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na dakika 5 uko mlangoni kwako, na hesabu ya droo bado inazunguka kichwani. Mtoto akiuliza kalamu anajibiwa kama mteja mwenye deni.

Fanya hivi kati ya kazi na nyumba, au kati ya nyumba na kitanda kama kazi yako iko humohumo ndani:

Tembea polepole kuliko kawaida, dakika 5. Vichochoro vya mji wetu havipiti magari, wengi wetu tunatembea kurudi kwetu, basi njia ipo tayari. Pita njia ya pwani badala ya ndani ikiwa huna haraka. Wanaofanya kazi Mokowe, ng'ambo ya bara, wanavuka kwa boti. Huo ni wakati wa kupoa mliopewa bure, na nyinyi mnaumaliza kwa kupokea simu za kazini.

Andika kilichokwisha leo, mstari mmoja. Andika kilichobaki cha kesho, mstari mmoja. Funga daftari. Kilichobaki kikishaandikwa hakina haja ya kukuamsha saa nane usiku kukukumbusha.

Nawa uso, mikono na miguu. Udhu unakufaa hapa hata kama si wakati wa sala.

Nyoosha mgongo na nyuma ya mapaja, kila upande sekunde 20 hadi 30, huku unatoa ile pumzi ya 6.

Ukiniambia una nafasi ya hatua moja tu katika zote hizi, chukua hii.

Hatua ya 8: Mtu mmoja na siku ya mapumziko

Darasa linakushika kwa sababu ukikosa, mtu anauliza, "Mbona jana hukuja?" Mtafute atakayekuuliza hivyo kuhusu siku zako. Asiwe mtoa mawaidha. Mkubaliane ujumbe mmoja kwa siku, namba tu: 1 ni mbaya, 10 ni nzuri. Ukituma 3 siku tatu mfululizo, anakuja kwako na hakuulizi kwa simu.

Mapumziko: misuli hujijenga wakati wa kupumzika, na maumivu ya zoezi jipya huwa makali siku ya pili au ya tatu, si siku yenyewe. Nimeona mazungumzo mazito yakifanya vivyo hivyo. Umezungumza na mumeo jambo la miaka, usiku ukalala vizuri, kesho kutwa unajikuta unalia juu ya vitunguu. Usipange kitu kigumu kingine siku hizo mbili.

Ikikwama

*Nikianza kuhesabu pumzi moyo ndio unazidi kwenda mbio.* Hutokea, hasa kwa waliowahi kushikwa na hofu kali. Usifumbe macho. Acha kuhesabu unapovuta, hesabu unapotoa tu. Bado? Simama utembee, taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona: mlango, kanga, paka, ndoo, paka mwingine. Pumzi utairudia kesho.

*Nasahau.* Usitegemee kukumbuka. Ifunge na kitu kinachotokea bila wewe. Adhana inakuja mara 5 kwa siku. Pumzi 3 baada ya kila adhana ni 15 kwa siku bila daftari wala kengele.

*Nyumba imejaa, sina dakika 5 za peke yangu.* Zifanye mbele yao. Watacheka siku mbili. Siku ya tatu mtoto mdogo atakaa kando yako aweke mkono tumboni. Mume sijui, yeye atachukua wiki.

*Sina pesa ya darasa.* Tembea. Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3, dakika 40 hivi kwa mwendo wa kuongea lakini si kuimba. Kwenda na kurudi mara 2 kwa wiki unapita 150. Nenda maji yakiwa yamepwa. Wakati wa bamvua bahari inapanda na kuna mahali njia inapotea. Mwezi mpya na mwezi mpevu ndizo siku za kuangalia.

*Ramadhani je?* Usikatize, punguza. Mazoezi mepesi nusu saa kabla ya futari, au ya wastani baada ya tarawehe ukishakunywa maji ya kutosha. Hatua za 3, 4 na 7 hazihitaji chakula. Hatua ya 4 kwa kweli inahitajika zaidi, hasa saa kumi jioni jikoni.

*Joto la mwisho wa kaskazi linanimaliza.* Februari na Machi darasa langu linaanza mapema na linapungua dakika 10. Fanya vivyo hivyo. Ukisikia baridi na vipele vya ubaridi huku jua linawaka, au jasho limekatika ghafla, acha, kaa kivulini, jimwagie maji, kunywa kidogokidogo. Usipopata nafuu upesi, au ukaanza kuchanganyikiwa, nenda hospitali.

*Nilikuwa vizuri wiki tatu, leo nimeanguka vibaya.* Fungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Chagua mbinu moja. Fanya toleo la ukutani la leo. Kuanguka siku moja hakufuti wiki tatu, kama vile kukosa darasa moja hakukuondolei misuli.

*Nimefanya yote, sioni mabadiliko.* Hapa nisikilize vizuri. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi huzuni haiondoki takriban kila siku, au usingizi na chakula vimeharibika, au vitu ulivyovipenda havina ladha tena, hilo limepita kimo cha mwongozo huu na kimo changu. Nenda Hospitali ya King Fahd hapa mjini au kituo cha afya kilicho karibu nawe, mwambie daktari kama unavyomwambia habari ya goti. Chukua daftari lako, litamsaidia. Na ikiwa mawazo ya kujidhuru au ya kutotaka kuishi yamekujia, usingoje wiki 2. Mwambie mtu leo, aende nawe. Simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Kwenda huko hakukuondoi darasani. Nina wanafunzi wanaokwenda kliniki Jumanne na wako mkekani Jumatano.

*Watu wataniona nimerogwa, au imani yangu ni dhaifu.* Kwa goti hawakusema hivyo. Omba dua yako na uende hospitali, njia moja haizibi nyingine.

*Nafanya ile pumzi ya kutembea kwenye kichochoro, macho chini, natoa kwa 6, ghafla nasikia "Pisha! Pisha!" na punda mwenye magunia ya mchanga ananijia. Naendelea kuhesabu?* Mpishe punda. Bana ukutani, apite, kisha anza tena kutoka 1.